Gari Likifika Kolo, Shukeni

(Mazungumzo na wanakisomo wa Babati)



Mwalimu wenu ameniomba niwaeleze mahali panapofaa kutembelewa na mtu aliyekwisha jua kusoma, anapokuwa safarini. Nimekubali kwa sababu jambo hili linanihusu mwenyewe. Nina deni, na nitalitaja kabla sijakaa chini.

Sisi watu wa Babati tunakaa njia panda. Njia moja inakwenda Arusha, nyingine Singida, nyingine Dodoma. Tunasafiri sana. Tunakwenda hospitali, tunakwenda kwenye misiba, tunapeleka mahindi na vitunguu sokoni. Lakini shughuli ikiisha tunakaa stendi tukingoja basi, saa tatu au nne, tunapiga miayo. Ukimwambia mtu, "Twende makumbusho," anacheka. Eti hayo ni mambo ya Wazungu na watoto wa shule.

Haya, tuanze na Arusha. Pale penye mnara wa Mwenge pana nyumba moja isiyo kubwa. Hiyo ni Makumbusho ya Azimio la Arusha. Katika jengo hilo ndipo viongozi wa TANU walipokutana mwezi Januari 1967, wakalipitisha Azimio. Makumbusho yakafunguliwa mwaka 1977. Ndani kuna picha nyingi, na chini ya picha kuna maandishi. Mtu wa kisomo atayasoma polepole, hakuna anayemfukuza. Ukipanda kidogo mjini utaliona Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1900. Wazee wetu walipelekwa kwenye maboma ya namna hiyo kwa kodi na kwa viboko. Siku hizi ni Makumbusho ya Elimu ya Viumbe. Unaingia kwa mlango wa mbele, na ukipenda unauliza maswali.

Maktaba nayo msiiogope. Nchi yetu ilitunga sheria ya maktaba tangu mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Arusha pia ipo maktaba ya mkoa. Mkifika mwambieni mtumishi, "Nataka kitabu cha ufugaji, chenye herufi kubwa." Kuomba hivyo si aibu. Mimi nilikaa mwaka mzima nikiogopa kuuliza, nikawa nasoma gazeti lile lile kila nikienda.

Lakini leo nataka hasa kuzungumza juu ya Kolo.

Ukitoka hapa kwenda Dodoma unapita Bonga, unapanda milima ya Bereko, kisha unafika Kolo, kabla ya Kondoa mjini. Zamani safari hiyo ilikuwa vumbi na matope. Lami ya kutoka Dodoma mpaka kwetu ilizinduliwa mwaka 2018, na sasa basi linapita Kolo upesi mno. Dereva hasimami mpaka umwambie. Kando ya barabara ipo ofisi ya michoro ya miambani, yenye chumba cha maonyesho. Hapo unajiandikisha, unalipa kiingilio, unachukua stakabadhi, na unapewa mtu wa kukuongoza. Usiende peke yako. Michoro yenyewe iko mbali na barabara, na mwisho unapanda mlima kwa miguu. Mzee mwenye magoti mabovu kama mimi aende na fimbo.

Huko juu mtaona nini? Mtaona miamba mikubwa iliyoinama kama paa la nyumba. Kwenye ukuta wake kuna wanyama na watu waliochorwa kwa rangi nyekundu: twiga, tembo, pofu, na watu wembamba warefu wenye vichwa vya ajabu. Michoro mingi ya namna hii ilifanywa na wawindaji, kabla ya wakulima na wafugaji kuingia katika nchi hii. Wataalamu wanasema desturi hiyo imedumu kwa zaidi ya miaka 2,000. Wasandawe, jirani zetu wa upande wa Kondoa, wanahesabiwa kuwa na uhusiano na wachoraji hao. Ile michoro mingine minene ya rangi nyeupe ni ya watu waliokuja baadaye.

Upo mchoro mmoja unaoonyesha watu watano. Wa katikati anashikwa mkono huku na huku. Mama Mary Leakey, aliyekaa Kolo mwaka 1951 akinakili michoro hii, alidhani ni msichana anayenyang'aniwa. Wengine wanasema hapana, hiyo ni ngoma ya uganga. Mimi nimeutazama mara mbili na bado sijui. Tazameni wenyewe, halafu mje mnibishie.

Na msidhani mahali hapo pamekufa. Kwenye mwamba uitwao Mungomi wa Kolo, wenyeji wanaendelea kufanya matambiko ya kuomba mvua na uponyaji. Kwa hiyo mnapopanda kaeni kwa heshima kama mnavyokaa penye ibada ya mtu yeyote. Mwaka 2006 michoro ya Kondoa ikaandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Sasa nitaje deni langu.

Mwaka 1975 nilifanya mtihani wa kisomo, nikafuzu hatua ya nne. Ndugu zangu, furaha ile mnaijua. Niliandika jina langu kila mahali: kwenye jembe, kwenye mlango, kwenye kibuyu cha mama. Mwaka uliofuata nilikuwa utingo wa lori la mahindi. Lori likatuharibikia Kolo, tukakaa siku mbili tukingoja spea. Vijana wa pale wakanipeleka mlimani kuona michoro. Nikaona mnyama mwekundu, pofu, na karibu na mguu wake palikuwa na nafasi. Nilikuwa na msumari mfukoni. Nikaandika jina langu na la baba yangu, na mwaka. Nikarudi nyuma nikasoma kwa sauti. Wenzangu hawakujua kusoma, wakanisifu.

Nimepita Kolo mara nyingi baada ya hapo bila kushuka. Nilishuka tena uzeeni, pamoja na mjukuu wangu. Mwongozi akatueleza mambo yanayoharibu michoro. Moshi wa wachungaji wanaokoka moto chini ya mwamba. Watu wanaomwagia maji ili rangi ing'ae wapige picha. Maji yale huyeyusha chumvi iliyomo kwenye jiwe, na yakikauka hubaki utando mweupe juu ya rangi. Wapo na wachimbaji, ambao huchimba usiku chini ya miamba wakitafuta mali, eti Wajerumani waliificha wakati wa vita. Kumbe katika udongo ule ndimo zimo zana za mawe na mifupa, vitu ambavyo vingetuambia wachoraji walikula nini na waliishi vipi. Ukishavurugwa haurudishiki. Hata uzio wa waya uliowekwa zamani kulinda baadhi ya mapango, waya wenyewe uliibwa.

"Na wengine," akasema mwongozi, "ni hawa wanaoandika majina."

Nikatazama. Jina la baba yangu bado linasomeka vizuri. Langu limepungua herufi mbili. Mjukuu wangu akaanza kusoma, akanyamaza, akanitazama. Nikamwuliza mwongozi kama haliwezi kufutwa, hata kwa kitambaa kibichi. Akasema haliwezi, kwa sababu ukisugua pale unasugua na mguu wa yule mnyama. Nikamwambia ni langu. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba watu wa kuja kukiri ni wachache.

Basi, mwalimu ameniambia mnapanga safari ya Kolo baada ya mavuno. Chukueni vitambulisho, maji ya kunywa na daftari moja kila mtu. Anayetaka kuandika jina lake ataandika katika kitabu cha wageni pale ofisini, kina mistari na kalamu ipo. Mimi nitakwenda nanyi mpaka juu, na atakayetaka kuliona lile la msumari nitamwonyesha.