KIPANDE CHA SIKU HIZI KIMO MFUKONI MWAKO

(Hotuba ya Halmashauri iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Leo hatukuja kusema juu ya mishahara wala saa za kazi, ingawa mambo hayo hayajakwisha. Tumekuja kusema juu ya kitu ambacho karibu kila mmoja wetu anacho hapa mkutanoni, yaani simu. Twataka kuuliza swali moja tu: habari zako zilizomo ndani ya simu hiyo, mlinzi wake ni nani?

Wazee wetu walikijua kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimishwa kuandikishwa na kutiwa alama za vidole, kisha akapewa karatasi ya kuchukua ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Katika karatasi hiyo tajiri aliandika siku mtu alipoanza kazi, mshahara wake, na siku alipoondoka. Tajiri wa pili hakuwa na haja ya kuuliza. Alisoma mshahara wa zamani, na mfanya kazi hakuwa na nguvu ya kudai zaidi. Aliyeacha kazi bila ruhusa alitafutwa kwa kipande hicho hicho. Mwaka 1922 Harry Thuku alipokamatwa, na watu wakapigwa risasi mjini Nairobi walipokusanyika kudai aachiliwe, kipande kilikuwa moja katika manung'uniko yao makubwa. Hata mwaka 1947 ndipo ilipotungwa sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote.

Twayakumbuka hayo kwa sababu kipande kilitufundisha jambo moja: anayeshika habari za mfanya kazi amemshika mfanya kazi mwenyewe. Lakini iko tofauti. Kipande kilitiwa shingoni mwa wazee wetu kwa nguvu. Habari za leo mara nyingi twazitoa sisi wenyewe, kwa kidole kimoja, bila kusoma, kwa ajili ya mkopo wa shilingi mia tano.

Tuanze na mkopo huo, kwa maana ndio unaowaumiza wenzetu wengi. Mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na mwisho wa mwezi uko mbali. Mfanya kazi anaweka programu ya mikopo katika simu yake. Programu inauliza: Je, waniruhusu kuona majina yaliyomo katika simu yako? Waniruhusu kusoma barua zako fupi? Naye, kwa haraka, anabonyeza "ruhusu" mara mbili. Hapo programu yaweza kuona barua za M-Pesa: mshahara ulioingia, kodi ya nyumba iliyotoka, pesa alizompelekea mama yake. Tena ina majina na namba za watu wote anaowajua. Akichelewa kulipa, simu haimwendei yeye peke yake. Inamwendea shemeji yake, mchungaji wake, na mnyapara wake kazini. Wako walioaibishwa hivyo mbele ya wakwe zao kwa deni lisilotimiza hata mshahara wa siku mbili.

Angalieni jambo hili vizuri. Majina yale mia mbili yaliyomo katika simu si mali yako wewe. Ni ya wenzako. Mwenzako hakukopa, hakuruhusu kitu, wala hakuulizwa. Wewe ndiwe uliyefungua mlango wa nyumba yake. Kwa hiyo asiseme mtu, "Hii ni simu yangu, shauri yangu." Kulinda habari zako ni kuwalinda wenzako pia.

Wako wengine wanaosema, "Mimi mtu mdogo, sina siri ya kuficha." Twawajibu hivi. Mwizi hatafuti siri; anatafuta jina lako kamili, namba ya kitambulisho, na mwaka wa kuzaliwa. Akiwa na hayo, aweza kujifanya ni wewe, akapata kadi mpya ya simu yenye namba yako. Simu yako inakufa mtandao, na yake inaanza kupokea barua za benki yako. Na mwezi wa Juni 2021 Wakenya wengi walistaajabu kuona majina yao yamo katika orodha za vyama vya siasa ambavyo hawakujiunga navyo hata siku moja. Hawakuwa na siri yoyote, lakini majina yao yalitumika.

Tena, mwanachama wa chama cha wafanya kazi hawezi kusema hana siri. Shabaha yetu katika mazungumzo ya mkataba, majina ya wanaotoa ushahidi juu ya mnyapara mwonevu, mipango yetu kabla ya kutoa ilani ya mgomo, hayo yote ni siri. Wengi wetu twayaandika katika WhatsApp, katika kundi lenye watu mia mbili. Ndugu, kundi la watu mia mbili si siri, ni baraza. Mtu mmoja akipiga picha ya maneno yale akaipeleka ofisini, aliyeyasema atajulikana kwa jina na kwa saa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa, sheria yasemaje? Katiba ya 2010, kifungu cha 31, yampa kila mtu haki ya faragha, na humo imetajwa haki ya kutodaiwa habari zake au za jamaa yake bila sababu. Mwaka 2019 ikatungwa Sheria ya Kulinda Data, na mwaka 2020 akaapishwa Kamishna wa kwanza. Kwa sheria hiyo unayo haki ya kuambiwa habari zako zinatumika kwa kazi gani, haki ya kuziona, haki ya kukataa zisitumiwe, na haki ya kutaka zisahihishwe au zifutwe kama ni za uongo. Alama za vidole zimewekwa katika fungu la habari za kulindwa zaidi. Basi tajiri akileta mashine ya vidole mlangoni, yafaa kumwuliza kwa adabu: zinawekwa wapi, nani anaziona, na zitafutwa lini mtu akiacha kazi? Kuuliza hivyo si ukaidi.

Na sheria hiyo ina meno. Mwezi wa Septemba 2023 Kamishna aliitoza kampuni moja ya mikopo Sh. 2,975,000 kwa kutumia namba za watu na kuwapelekea vitisho. Siku hizo hizo shule moja ilitozwa Sh. 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tena kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zimewakataza wakopeshaji wa simu kutumia majina yaliyomo katika simu ya mdaiwa ili kuwapelekea watu barua anapochelewa.

Basi mtu atauliza, kama sheria iko, mbona mwatusumbua sisi? Jibu ni kwamba sheria hufika nyuma ya hasara. Mwaka 2023 maelfu ya watu walipiga foleni Nairobi wapigwe picha ya mboni ya jicho na watu wa Worldcoin, wapate kitu cha thamani ya karibu Sh. 7,000. Serikali ikasimamisha kazi hiyo mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Mahakama Kuu ilitoa amri ya kufuta habari zile mwezi wa Mei 2025. Hesabuni wenyewe: karibu miaka miwili. Namba ya siri ikiibwa yaweza kubadilishwa kesho asubuhi. Jicho halibadilishwi.

Hatusemi kwamba anayeibiwa ndiye mwenye kosa. La, mwizi ni mwizi, na kampuni iliyotunza habari vibaya ina hatia yake, nasi tutaidai. Lakini mlango wa kwanza uko mkononi mwako, na hakuna Kamishna wala katibu wa tawi awezaye kuufunga kwa niaba yako.

Kwa hiyo twawaomba wanachama wote wafanye mambo haya:

1. Namba ya siri ya M-Pesa na ya benki usimpe mtu, hata akisema anapiga simu kutoka kampuni. Kampuni haina haja ya kukuuliza. Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa, kwa maana umo katika kitambulisho chako.

2. Namba ya tarakimu sita inayoletwa na WhatsApp ni ufunguo. Anayeiomba, hata kwa jina la rafiki yako, huenda ni mwizi aliyekwisha kumwibia rafiki huyo.

3. Piga *106# uone ni laini ngapi zimeandikwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, nenda kwa kampuni ya simu ikafutwe.

4. Simu yako ikikosa mtandao ghafula mahali ambapo wenzako wanao, usingoje kesho. Azima simu, piga kwa kampuni na kwa benki siku ile ile.

5. Ukienda saiba kutafuta hati ya serikali, andika neno lako la siri kwa mkono wako, ukimaliza toka katika ukurasa wako, na nakala ya kitambulisho isibaki katika kompyuta ya pale. Usimwachie kijana wa saiba neno la siri la eCitizen ati akukumbushe mwakani. Siri ya mtungi aijuaye ni kata.

6. Fungua mipangilio ya simu, utazame ni programu zipi zilizopewa ruhusa ya kuona majina, barua na picha. Isiyohitaji, iondolee ruhusa.

7. Shughuli za chama zisifanywe kwa simu wala kompyuta ya tajiri. Ni chombo chake.

8. Ukionewa, tunza barua zote za vitisho, usizifute kwa hasira. Ndizo ushahidi. Malalamiko yakipelekwa kwa Kamishna, sheria yataka yachunguzwe na kumalizwa katika siku 90.

Nasi Halmashauri tuna wajibu wetu, wala hatutaki kuwahubiria watu wenye njaa. Mtu hakopi kwa programu kwa kupenda kuaibishwa. Anakopa kwa sababu mahali pengine mkopo unachukua majuma matatu. Kwa hiyo shauri la mfuko wa dharura, wa kutoa fedha kidogo kwa siku moja, litaletwa katika mkutano ujao mlipigie kura. Tena daftari la wanachama, lenye majina na namba zenu, kuanzia sasa litafungiwa kabatini, wala halitapelekwa kwa mtu kwa njia ya simu. Mkiona tumekosa katika hilo, tuulizeni hadharani kama tutakavyomwuliza tajiri.

Wawakilishi wa kila idara watakaa na wanachama wakati wa chakula cha mchana kwa juma moja, kuanzia Jumatatu, kuwasaidia kutazama simu zao. Hasa wasaidieni wazee na wale wasiosoma vizuri, lakini kila mtu aandike namba yake ya siri mwenyewe, na msaidizi atazame pembeni.

Wazee wetu hawakuwa na hiari juu ya kipande. Sisi tunayo. Tusiitupe.

Umoja ni nguvu.