Asiye na Makao Naye Ana la Kutoa

(Mazungumzo tuliyotoa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Leo hatukuleta mbegu wala fomu za mkopo. Tumeleta swali.

Miaka kadhaa iliyopita palikuwa na mzee mmoja aliyelala katika kibanda cha soko karibu na ofisi yetu. Sisi watu wa maendeleo tukampelekea blanketi. Baadaye tukampelekea unga na sukari. Mara ya tatu alipokea, akashukuru, kisha akatuuliza, "Na kazi, je, hakuna?" Tulikuwa na kitabu cha kuandika alichopewa, lakini jibu hatukuwa nalo. Haukupita muda akaondoka, na mpaka leo hatujui alikoenda. Swali lake tumebaki nalo.

Tulipata mwanga kidogo tuliposoma habari za Ufaransa. Wengi wetu tunadhani Ulaya kila mtu ana nyumba. Sivyo. Baada ya Vita Vikuu vya Pili kwisha mwaka wa 1945, nchi ile ilikuwa na upungufu mkubwa wa nyumba. Padre mmoja aliyeitwa Henri Grouès, ambaye watu walimjua kwa jina la Abbé Pierre, alikuwa mbunge wakati huo. Alikuwa na nyumba kuukuu huko Neuilly-Plaisance, nje kidogo ya jiji la Paris. Mwaka wa 1949 akaanza kupokea humo watu wasio na pa kulala. Nyumba ikaitwa Emmaus, yaani Emau, kile kijiji cha Injili ambako wanafunzi wawili waliokata tamaa walipata tumaini tena.

Mmoja wa kwanza kupokelewa alikuwa Georges, mtu aliyetoka kifungo cha miaka mingi, naye alikuwa amejaribu kujiua. Padre hakumpa pesa. Alimwambia kwamba hana cha kumpa, ila anajenga nyumba za familia zisizo na makao na anahitaji mtu wa kumsaidia. Georges akakubali. Baadaye alieleza kwamba angepewa pesa au nyumba tu, angejaribu kujiua tena. Alichokosa ni sababu ya kuishi.

Hapo ndipo tulipomkumbuka yule mzee wetu wa sokoni. Sisi tulimpa blanketi, na usiku ule lilimfaa. Lakini hatukumwambia kwamba tunamhitaji.

Sasa sikilizeni walivyopata chakula. Mwaka wa 1951 yule padre aliacha kuwa mbunge, na mshahara ukakatika. Nyumba ilikuwa imejaa watu. Wale wenzake wakashika kazi ambayo wengine waliidharau: kuokota matambara, chupa, vyuma kuukuu na samani zilizotupwa, kuvichagua, kuvitengeneza na kuviuza. Kwa pesa hiyo wakala, wakajenga, wakapokea wengine. Walikuwa ni watu wa mitumba na vyuma, kama hawa tunaowaona wakisukuma mikokoteni katika miji yetu.

Kisha ukaja mwaka wa 1954, baridi kali mno. Mama mmoja alikufa kwa baridi barabarani mjini Paris, mkononi akiwa na karatasi ya kufukuzwa katika nyumba. Tarehe 1 Februari padre alisoma tangazo katika redio akiomba mablanketi, mahema na mioyo ya watu. Misaada ikamiminika nchi nzima. Lakini jambo halikuishia kwenye mablanketi. Watu waliendelea kudai, na mwaka wa 1956 ikapitishwa sheria ya kuzuia wapangaji wasifukuzwe majira ya baridi. Sheria hiyo bado inafanya kazi, kwa kawaida kuanzia tarehe 1 Novemba hadi tarehe 31 Machi. Harambee ilizima njaa ya wiki moja. Sheria imelinda watu kwa miaka mingi.

Leo jumuiya za Emmaus zimeenea katika nchi nyingi. Uingereza, ya kwanza ilifunguliwa huko Cambridge mwanzoni mwa miaka ya 1990. Anayeingia hupata chumba, chakula na posho kidogo, naye hufanya kazi kadiri ya nguvu zake. Mmoja anaendesha lori, mwingine anatengeneza viti, mwingine anapika, mwingine anauza dukani. Mwenye nguvu anamfanyia kazi aliye dhaifu, na kinachobaki kinasaidia watu wengine wenye shida. Hawaitwi wasaidiwa. Jina lao kwa lugha yetu lingekuwa "wenzetu".

Ndugu zetu, tukiwasimulia mazuri peke yake tutakuwa tumewadanganya. Yule padre alikufa mwaka wa 2007, akisifiwa na taifa zima. Mwezi wa Julai 2024 mashirika ya Emmaus yenyewe yalitangaza ushuhuda wa wanawake waliosema aliwadhulumu kimwili, na baadaye wengine wengi wakajitokeza, wengine wao walikuwa watoto wakati huo. Habari hiyo ilituumiza, hasa sisi tulio Wakatoliki. Tena mwaka wa 2023, wahamiaji katika jumuiya kadhaa za kaskazini mwa Ufaransa waligoma, wakilalamika kwamba wanafanyishwa kazi bila kupata haki zao.

Je, tutupe kila kitu? Sisi tunasema hapana, ila tujifunze pande zote mbili. Kazi ilijengwa na mikono ya watu wengi, wala haikuwa mali ya mtu mmoja. Kikundi kinachomwogopa mwanzilishi wake, hata awe padre, chifu au mwalimu mkuu, hakiwezi kumsikia mnyonge akilia. Na ukimpa maskini kazi bila haki, hujamwinua; umepata kibarua wa bure.

Sasa turudi hapa kwetu. Mtasema kijijini hakuna wasio na makao. Tafadhali hesabuni vizuri. Yuko mjane aliyefukuzwa na shemeji zake. Yuko kijana aliyetoka jela na nyumbani hatakiwi. Wako wanaolala jikoni kwa jirani mwezi huu, na mwezi ujao kwa mwingine. Watu hawa hawamo katika vitabu vyetu. Kwa nini? Kwa sababu ya kiingilio. Tumetembelea kikundi kimoja kilichokataa kumwandika mjane wa namna hiyo kwa kuwa hakuwa na pesa za kuingia wala shamba. Kikundi kile kinaitwa cha kujisaidia! Nasi hatukukemea siku ile. Tulikunywa chai tukaenda zetu.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu. Kwanza, asiye na pesa aruhusiwe kulipa kiingilio kwa kazi: siku kadhaa katika kitalu, katika kufyatua matofali, au katika kutunza mbuzi wa kikundi. Siku hizo ziandikwe kitabuni kama pesa, zikitimia awe mwanachama kamili, apige kura na apate zamu yake kama wengine. Pili, kabla ya kumpelekea mtu msaada, kaeni naye mumuulize anajua kufanya nini. Tatu, chagueni watu wawili, mmoja wao mama, ambao mwanachama yeyote anaweza kuwapelekea malalamiko, hata yakimhusu mwenyekiti.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Ni nani hapa kijijini hana pa kulala panapoaminika? Mtajeni kwa heshima.
2. Kiingilio chetu kinamfungia nani nje?
3. Mtu huyo akija kesho akatuuliza, "Na kazi, je, hakuna?", tutamjibu nini?

Sisi mara ya kwanza tulishindwa kujibu. Tungependa ninyi msishindwe.