Interesti ni Kumi: Kumi ya Nini?

(Mazungumzo na wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia)



Tumeombwa tuseme kwa ufupi kwa sababu wengine wametoka mbali. Basi leo tutazungumza juu ya neno moja tu. Ni neno la Kiingereza, lakini hakuna kikundi hapa kisichokitumia kila mwezi. Neno lenyewe ni "interesti".

Wacha tuanze na jambo lililotokea, na ambalo sisi wenyewe tuna lawama ndani yake.

Mama mmoja wa kikundi tunachokitembelea alikopa shilingi 12,000 kwa wakopeshaji waliokuja kijijini. Alitaka vifaranga na chakula chao, na alipewa miezi 12 ya kulipa. Akaambiwa, "Interesti ni kumi." Sisi wa ofisi ya maendeleo tulikuwa tumeketi pale pale. Akatugeukia akauliza, "Hiyo interesti ni nini?" Tukamjibu haraka haraka, "Ni faida kidogo wanayoongeza, mama."

Yeye akapiga hesabu yake vizuri. Kumi kwa mia ya 12,000 ni 1,200. Jumla ni 13,200. Ukigawanya kwa miezi 12, ni 1,100 kila mwezi. Akalipa 1,100 kila mwezi, hakukosa hata mara moja. Alipewa risiti kila mara, wala hakuna aliyemwambia kwamba pesa hazitoshi. Mwezi wa kumi na mbili akaenda kuchukua barua ya kumaliza deni. Akaambiwa, "Mama, umelipa nusu."

Kwa nini nusu? Kwa sababu ile kumi ilikuwa ya kila mwezi, si ya mwaka. Na ilihesabiwa juu ya zile 12,000 zote mpaka mwisho, hata baada ya yeye kupunguza deni. Hiyo ni 1,200 mara 12, yaani 14,400. Jumla ya deni ilikuwa 26,400, na bado adhabu ya kuchelewa. Aliuza ndama jike aliyekuwa akimtegemea kwa maziwa.

Wakopeshaji hawakueleza. Hiyo ni kweli. Lakini na sisi tuliulizwa maana ya neno, tukatoa neno lingine, tukadhani tumejibu. Ndiyo maana leo hatutaki kuharakisha.

Hebu tuandike kwenye ubao. Mkopo ni ule ule wa 12,000, miezi ni ile ile 12, na kila mwezi mtu anapunguza 1,000 ya deni lenyewe. Wakopeshaji ni wanne, na kila mmoja anasema, "Interesti ni kumi."

Wa kwanza anatoza kumi kwa mia kwa mwaka, juu ya deni lililobaki. Riba yote ni shilingi 650.

Wa pili anatoza kumi kwa mia kwa mwaka, juu ya pesa yote ya kwanza. Riba ni 1,200.

Wa tatu anatoza kumi kwa mia kwa mwezi, juu ya deni lililobaki. Mwezi wa kwanza ni 1,200, wa pili 1,100, wa tatu 1,000, inashuka hivyo mpaka 100. Jumla ya riba ni 7,800.

Wa nne anatoza kumi kwa mia kwa mwezi, juu ya pesa yote ya kwanza. Riba ni 14,400.

Mnaona? Shilingi 650 na shilingi 14,400, na wote wanne hawakusema uongo. Kila mmoja alisema kumi. Kwa hiyo mtu akikwambia "interesti ni kumi" akanyamaza, bado hajakwambia kitu. Ni kama mtu kukwambia, "Njoo saa tatu," bila kusema ni asubuhi au usiku, na bila kutaja mahali.

Sasa tuangalie neno lenyewe limetoka wapi. Limetoka katika Kilatini, na mzizi wake ni "kuwa kati". Wanasheria wa zamani kule Ulaya walilitumia kwa maana ya fidia. Ukinicheleweshea pesa zangu nikapata hasara, unanilipa ile tofauti iliyo kati ya hali niliyo nayo na hali ambayo ningekuwa nayo kama ungelipa kwa wakati. Kumtoza mtu kwa sababu tu amekopa kuliitwa kwa jina lingine, nalo Kanisa lilikataza. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinatuonya tusimfanyie maskini kama wakopeshaji wafanyavyo. Mwaka 1745 Papa Benedikto XIV aliwaandikia maaskofu wa Italia kuhusu jambo hilo hilo. Alikataza faida ya mkopo wenyewe, lakini alikubali kwamba zaweza kuwepo sababu nyingine za haki za kudai zaidi.

Tena, mwaka 1462, katika mji wa Perugia kule Italia, Wafransisko walihimiza kuanzishwa kwa mfuko wa kuwakopesha maskini. Watu wakauliza, je, mfuko huu unaweza kutoza kitu? Mwaka 1515 Mtaguso wa Tano wa Laterano ulijibu kwamba ndiyo, inaweza kutozwa kiasi kidogo cha kulipia gharama za mfuko. Basi swali tunalouliza leo si geni. Ni swali la nani anapata, kiasi gani, na kwa sababu gani.

Hapa ndipo neno "faida" linapotupoteza. Kiswahili kina neno lake, riba. Lakini vikundini tunapenda kusema faida. Faida ya nani? Kwa anayekopesha ni faida. Kwa anayekopa ni gharama, kama vile mbolea na nauli zilivyo gharama. Yule mama alisikia faida, na neno faida halimwogopeshi mtu.

Na tusiwaseme wageni tu. Vikundi vyetu vingi vinatoza kumi kwa mia kwa mwezi. Tunasema hakuna ubaya, kwani pesa zinaturudia wenyewe tukigawana Desemba. Lakini zinarudi kwa nani? Tukigawana kwa kufuata akiba, mwenye 24,000 anapata mara kumi ya mwenye 2,400, hata kama yule wa 2,400 ndiye aliyekopa na kulipa riba mwaka mzima. Mara nyingi anayekopa sana ni mwenye shida ya karo au mgonjwa nyumbani. Tukiacha hivyo, maskini wa kikundi anamlisha tajiri wa kikundi, nasi tunapiga makofi. Hatusemi muache kutoza riba. Tunasema mkae chini mkubaliane: mkopo wa biashara utozwe hivi, na wa ugonjwa utozwe kidogo au usitozwe kabisa. Na riba ihesabiwe juu ya deni lililobaki.

Angalieni pia majina mengine. Mkopo wa simu unaweza kukwambia hakuna interesti, kuna ada tu, labda saba na nusu kwa mia kwa siku 30. Ukikopa hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima, umelipa 90 kwa mia. Jina limebadilika, lakini mfuko unaotoka pesa ni ule ule wako.

Wengine bado wanadhani kuna sheria inayozuia benki kupita kiwango fulani cha riba. Sheria hiyo ilikuja 2016 ikaondolewa 2019. Ile iliyobaki ni kifungu cha 44A cha Sheria ya Mabenki, kinachotumika tangu 2007. Kinasema mkopo wa benki ukishashindwa kulipwa, riba inayoendelea kuongezwa isizidi deni la msingi lililokuwa limebaki wakati ule. Lakini hiyo ni ya mabenki. Usidhani itakuokoa kwa kila mtu anayekuja na fomu.

Kwa hiyo, kabla mwanachama yeyote hajaweka sahihi au kidole gumba, auliza maswali haya matano. Katibu ayaandike nyuma ya daftari:

1. Hiyo kumi ni ya wiki, mwezi au mwaka?
2. Inahesabiwa juu ya pesa yote niliyochukua, au juu ya deni lililobaki?
3. Kuna ada gani nyingine: ya fomu, ya bima, ya kutuma pesa?
4. Nikichelewa siku moja, ni nini kinaongezwa?
5. Mpaka siku ya mwisho nitakuwa nimerudisha shilingi ngapi kwa jumla? Andika hapa.

Swali la tano ndilo mama wa maswali yote. Mkopeshaji akikataa kuliandika, amekujibu. Chukua kikapu chako urudi nyumbani. Wazee walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi tunaongeza: afadhali kujua gharama ya matanga kabla ya kucheza harusi.

Tumalize. Mmesikia vijana wakisema, "Huyu hana interesti na mikutano," yaani hajali. Hiyo pia ni maana ya neno lile lile: jambo linalokuhusu. Basi mwanachama akiuliza maswali mengi juu ya riba, mwenyekiti asimwambie anachelewesha mkutano. Huyo ndiye anayejali. Na anayeulizwa, awe mwenyekiti au sisi wa ofisini, asiseme "ni faida kidogo tu." Achukue chaki apige hesabu mbele ya watu.

Yule mama bado yuko kikundini. Kila mtu akitaka kukopa, yeye ndiye wa kwanza kusimama na kuuliza, "Kumi ya nini?" Tunawaomba msimwache asimame peke yake.