Shajara ya usingizi: daftari moja, wiki mbili



Igembe hailali mapema. Miraa huchumwa, hufungwa kwa majani ya mgomba na kukimbizwa Nairobi, kwa sababu kathinoni, kemikali inayomchangamsha mtafunaji, hupungua nguvu baada ya saa 48 hivi. Uingereza ilipiga marufuku miraa mwaka 2014, lakini Somalia ilifungua tena soko lake Julai 2022, na mbio zingalipo. Dereva hutafuna ili akeshe, mpakiaji hutafuna, mlinzi naye hutafuna. Kisha mtu hufika kliniki na kusema tu: "Daktari, silali."

Maneno hayo pekee hayatoshi. Je, anachelewa kupata usingizi, au anaamka saa tisa usiku asiweze kulala tena? Wengi hawakumbuki, usiku mmoja mbaya ukisimuliwa huwa mwezi mzima.

Daftari la shule linatosha. Kila asubuhi, mwenye daftari aandike alipanda kitandani saa ngapi, usingizi ulimchukua baada ya muda gani, aliamka mara ngapi, alitoka kitandani saa ngapi na kama alisinzia mchana. Pembeni aandike miraa au muguka, alianza saa ngapi na akaacha saa ngapi. Vilevile pombe, kahawa na chai, hata ile ya usiku ambayo watu wa huku hawaihesabu kamwe. Akadirie tu, maana kutazama saa usiku kucha hufukuza usingizi unaopimwa. Kuhusu kukoroma aulizwe mwenzi wake, kwani mkoromaji hajisikii. Anayefanya kazi usiku aandike usingizi wa mchana bila haya.

Mtu mzima huhitaji angalau saa 7 za usingizi. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, kusinzia sekunde 4 ni karibu mita 90 bila dereva. Miraa huficha uchovu tu, haiuondoi. Daftari likionyesha saa 4 au 5 siku baada ya siku, safari ya jioni apewe mwingine, na mwenye gari alisome pia, kwa kuwa ratiba ni yake.

Baada ya wiki mbili, daftari lipelekwe zahanati au lionyeshwe mhamasishaji wa afya ya jamii, kabla ya kununua vidonge vya usingizi. Lakini aliyesinzia kwenye usukani, au anayekatika pumzi akikoroma, asingoje wiki hizo mbili, aende leo.