Kuku Akizubaa: Kutambua na Kutibu Maradhi ya Kuku wa Kienyeji, Kitale na Bungoma



Pesa nyingi ambazo sisi wafugaji tunaziacha kwenye maduka ya dawa za mifugo, kuanzia Kitale na Kiminini hadi Chwele na Bungoma mjini, hununua dawa ya ugonjwa ambao hatujautambua. Kuku akisinzia, tunamkorogea unga wa manjano kwenye maji kwa sababu jirani amesema ulimfaa wake. Unga ule ni antibiotiki. Kuku mwenye kideri, ambacho wengi wetu tunakiita Newcastle, haumponyi, kwani kideri huletwa na virusi na hakina tiba. Wala pilipili na shubiri hazikiponyi.

Basi tuanze na macho. Fungua banda alfajiri usimame kando. Mzima hutoka mbio. Anayebaki nyuma, manyoya yamesimama, upanga umepauka au umekuwa wa zambarau, huyo mtenge papo hapo. Jioni papasa gole lake. Likiwa tupu, hakula mchana kutwa. Kisha tazama kinyesi. Damu kwa vifaranga wa wiki tatu hadi sita karibu kila mara ni koksidia, na hiyo inatibika kwa amproliamu ikiwahiwa, mradi matandiko yawe makavu. Mharo wa manjano kwa kuku wakubwa wanaokufa mmoja mmoja hunifanya nishuku homa ya matumbo. Uso uliovimba na kamasi yenye harufu ni mafua ya kuku. Haya mawili ya mwisho ni ya bakteria na antibiotiki husaidia, lakini afisa wa mifugo ndiye aichague, na mayai yasiliwe wala kuuzwa mpaka ziishe siku zilizoandikwa kwenye pakiti. Ndui, yenye vinundu usoni wakati wa mvua na mbu wengi, ni virusi pia: safisha vidonda, paka iodini, ungoje.

Rangi ya kijani peke yake isikutishe, kwani kuku yeyote asiyekula anaweza kuhara kijani. Kideri hujulikana kwa kasi yake. Leo wawili wanahema mdomo wazi, kesho mabawa yananing'inia na shingo zinajipinda, na wiki haiishi kabla banda halijabaki na wachache. Nchini Kenya kiliripotiwa mara ya kwanza Mombasa mwaka 1935, na hadi leo ndicho kinachotumaliza.

Hapa niseme jambo linaloniuma. Tukiona wawili wamekufa, tunawakimbiza waliobaki sokoni kabla hawajafa, na hivyo tunampelekea mwenzetu msiba. Hata heshima zetu hubeba ugonjwa: Bungoma mgeni huchinjiwa kuku, na shangazi akiaga hupewa wa kwenda naye. Tusiache kumpa. Ila kuku yeyote mgeni, wa zawadi au wa sokoni, akae peke yake wiki mbili. Waliokufa wachomwe au wazikwe kwenye shimo refu, mbwa wasiwafukue.

Kinga ipo. KEVEVAPI, taasisi ya serikali, hutengeneza chanjo ya Newcastle, na ipo aina inayostahimili joto, ingawa nayo lazima ikingwe na jua. Tone moja jichoni, kwa kifaranga na kwa jogoo sawasawa, kila baada ya miezi mitatu au minne. Wapewe walio wazima tu. Kinga huhitaji kama wiki mbili kujengeka.

Kikwazo chetu ni chupa. Chupa ya dozi 100 ikishachanganywa haiwekwi akiba, na mama mwenye kuku kumi na wawili anaona hasara, anaacha. Kwa hiyo naomba kila kikundi kilicho hapa kichague leo mtu mmoja wa kutia matone, kihesabu kuku wa boma kwa boma, na kichangie chupa pamoja: Machi, Julai na Novemba. Ya Novemba isikose, kwa sababu Desemba kuku husafiri kwenda kila nyumba kwa ajili ya Krismasi.