Ramani Bila Ufunguo

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Bariadi)



Nimeombwa niseme juu ya kazi yangu ya takwimu. Nitasema juu ya kijisanduku kidogo tu kinachokaa pembeni mwa ramani. Mwalimu wetu wa jiografia alikiita ufunguo, na aliyekisahau alikatwa alama. Tulimnung'unikia sana. Leo nakiri mbele yenu kwamba alitufaa.

Mkoa wetu wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, nilikuwa nimekwisha kujifunza kuchora ramani kwa kompyuta, kwa programu iitwayo R. Ilianzishwa na wahadhiri wawili wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, Ross Ihaka na Robert Gentleman, nayo hutolewa bure. Unaipa mipaka ya kata na jedwali la tarakimu. Yenyewe hupaka kila kata rangi uliyoiamuru. Lakini kwa njia niliyoitumia, ufunguo haukuja wenyewe. Ilinibidi niandike amri ya pili: rangi zipi, maneno gani, kona ipi ya karatasi. Kompyuta haiulizi kama amri hizo mbili zinapatana. Ukikosea mpangilio wa rangi, itakuchapia uongo kwa unadhifu kabisa.

Kosa langu lilikuwa hili. Niliagizwa kuchora ramani ya visima vya pampu vilivyoharibika, kata kwa kata. Penye vingi nilipaka wekundu uliokoza. Penye vichache, wekundu hafifu unaokaribia weupe. Kata chache zilikuwa hazijaleta taarifa. Kwa kuwa tarakimu haikuwapo, programu haikupaka kitu, ikaacha karatasi nyeupe. Nami sikuweka katika ufunguo kijisanduku cha "hakuna taarifa".

Kikaoni ramani ikabandikwa ukutani. Mafundi na vipuri vikaanza kupangiwa kata nyekundu. Mzee mmoja aliyeketi nyuma akanyosha mkono, akauliza: "Mwanangu, kwetu hapo ni peupe. Maana yake maji tunayo?"

Kwao akina mama walikuwa wakifukua mchanga wa mto ili wapate ndoo moja. Nikasimama, nikajibu: "Hapana, mzee. Maana yake hatujui." Mgao ukasimamishwa mpaka fomu zilizobaki zikaletwa, na kata yake ikapata fundi. Swali lake ndilo lililotuokoa. Lakini ndugu zangu, ni vikao vingapi havina mzee wa kuuliza?

Jambo la pili. Ufunguo lazima useme rangi inahesabu nini. Katika sensa ya mwaka 2012 mkoa wetu ulikuwa na watu 1,584,157. Wilaya ya Meatu ilikuwa na watu 299,619, na Busega 203,597. Ukipaka rangi kwa hesabu ya vichwa, Busega ndiyo hufifia kuliko wilaya zote tano. Lakini Meatu ni pana mno, na Busega ni ndogo, imeegemea Ziwa Victoria. Ukigawanya watu kwa kilomita za mraba, Busega hukoza na Meatu hufifia. Sensa ni ile ile, mipaka ni ile ile, lakini ramani imegeuka. Kama ufunguo umeandikwa "watu" tu, msomaji atajuaje anatazama ipi?

Kwa hiyo vijana, kabla ya kuchapa ramani jiulizeni: Rangi hii inahesabu nini, na kwa kipimo gani? Daraja moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi? Peupe maana yake nini? Tarakimu ni za mwaka gani? Majibu yote yawemo ndani ya kijisanduku, kwa maneno ambayo mzee wa nyuma atayasoma bila mkalimani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nimeona hata penye daftari habari ikipotea.

Nimekuja na ramani mbili, ile yenye kosa na ile iliyosahihishwa. Namkabidhi Mwalimu Mkuu, na naomba zibandikwe pamoja katika chumba cha jiografia.