Mfuate Mtoto kwa Nyuma

Leo ninaongea na wazazi na walezi wa Kakuma.

Kesho asubuhi toka pamoja na mtoto wako saa ileile anayokwenda shule. Usimwongoze. Mwache atangulie, wewe mfuate kwa nyuma. Wengi tunadhani mtoto anapita barabarani, kumbe anakata laga kwa sababu ni karibu. Na laga tunaijua: hapa kambini jua linawaka, mvua inanyesha mbali huko juu, halafu maji yanashuka ghafla. Maji ya magotini yakienda kasi yanamwangusha hata mtu mzima.

Mwambie mtoto waziwazi: ukikuta maji yanapita, usivuke. Ngoja, au rudi nyumbani. Wengine huvuka kwa kuogopa adhabu ya kuchelewa. Basi wazazi, zungumzeni na walimu mapema, kabla ya mvua.

Barabarani kuna bodaboda. Kongo, Burundi, Sudan Kusini na Somalia magari hushika kulia. Hapa Kenya hushika kushoto. Kwa hiyo mtoto anayetembea apite ukingo wa kulia, aone kinachomjia. Akitaka kuvuka, atazame kwanza kulia. Mwenye baiskeli ashike kushoto pamoja na magari, asipakie mwenzake, na breki mzijaribu nyinyi wenyewe.

Kina mama na kina baba wanne wa bloki moja wanaweza kupeana zamu, mmoja awasindikize wadogo wote. Jioni hii, mkikutana bombani kuteka maji, ulizaneni: kesho ni zamu ya nani?